Kurasa Alizobakiza Mama

Mama alifariki tarehe 19 Desemba. Tulimzika tarehe 23, na baada ya siku mbili watu wakaanza kutakiana heri ya Krismasi. Zawadi yake, sweta la rangi ya zambarau, ilikuwa bado imefungwa chumbani kwangu.

Naandika kwa ajili yako uliyefiwa na mzazi msimu huu na unayeona kama furaha ya wengine inakutonesha kidonda. Nilidhani Mkristo wa kweli angejikaza, aende kanisani, aimbe. Nilikwenda. Ubeti wa pili tu sauti ikakatika, nikatoka nje na kujiona nimemwaibisha Mungu.

Baadaye nilisoma tena habari za kuzaliwa kwa Yesu katika Mathayo na kuona nilichokuwa nikikiruka miaka yote. Mara tu baada ya mamajusi kuondoka, kuna kilio, kwa maana Mfalme Herode anaua watoto wa Bethlehemu. Raheli analilia watoto wake, "asikubali kufarijiwa". Kilio kimo ndani ya habari yenyewe ya Krismasi, na Mathayo hakukiondoa. Yesu naye alijua atamfufua Lazaro, lakini kabla ya kufika kaburini alilia. Na Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Basi lia, ndugu yangu. Ibada ikikushinda, kaa karibu na mlango, utoke ukihitaji kutoka. Mwombe mtu mmoja unayemwamini awaeleze wengine, ili usilazimike kusimulia msiba upya kila unaposalimiwa.

Kilichonitesa zaidi ya kilio ni majuto. Siku mbili kabla ya kufa Mama alinipigia simu. Nilikuwa na kazi, nikamwambia, "Nitakupigia baadaye, Mama." Sikumpigia. Watu waliniambia kazi ya Mungu haina makosa, nikaitikia kwa kichwa, lakini usiku niliisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "baadaye".

Mama alikuwa anasoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Tuliikuta kando ya kitanda, miwani yake ikiwa ndani, mwishoni mwa waraka wa Yakobo. Zilikuwa zimebaki sura 38. Jioni ya Krismasi, kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya, mdogo wangu alifungua pale penye miwani akasoma 1 Petro 1. Tukakubaliana kumalizia, sura moja kila jioni.

Kama una ndugu, tafuteni jambo dogo la namna hiyo, ambalo mzazi wenu aliliacha njiani. Sisi lilitupa mahali pa kukutana bila kulazimika kuzungumza. Jioni nyingine tulisoma na hakuna tulichohisi. Nasema hivyo kwa makusudi, usije ukadhani imani yako imekufa. Lakini tarehe 4 Januari ilikuwa zamu yangu, 1 Yohana 3, nikafika palipoandikwa kwamba mioyo yetu ikituhukumu, "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote". Nikashindwa kuendelea. Usiku ule nilimwambia Mungu habari ya ile simu kwa sauti, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza nikalala hadi asubuhi. Majuto hayakuisha siku hiyo, ila sikuyabeba tena peke yangu. Wewe nawe usiyafiche: mwambie Mungu, kisha mwambie mchungaji au rafiki. Na ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki nyingi, nenda kwa daktari; kutafuta matibabu si kukosa imani.

Nanyi mnaotaka kufariji, marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyomtendea. Jirani yetu mmoja alikuja kila jioni, akakaa, akasikiliza sura, akaondoka. Simsahau.

Tarehe 30 Januari tulifika Ufunuo 21, pale Mungu anapofuta kila chozi. Mdogo wangu aliurudia mstari ule mara mbili, na nilikuwa nimevaa lile sweta. Kesho yake tulisoma sura ya mwisho. Nikafunga Biblia, nikaifuta miwani ya Mama, nikairudisha kwenye kasha lake.