Maswali Yenu: Ni jini la ziwa au fisi maji?

SWALI: Salamu mhariri. Huku kwetu Ukerewe kuna asubuhi tunaona kitu kirefu cheusi kinakatiza majini karibu na mawe, kina mabonge mabonge, kinazama kinaibuka. Wazee wanasema ni jini la ziwa tusisogee, wavuvi wanasema ni fisi maji mwizi wa samaki auawe tu. Nani mkweli? – Msomaji, Ukerewe

JIBU: Ndugu yangu, wavuvi mnyama wamempatia ila hiyo hukumu yao hapana. Fisi maji hao wanaogelea kwa mstari, huyu anazama yule anaibuka, ukiwa mbali unaona joka moja refu. Ziwa Victoria anayeonekana zaidi ni yule mwenye madoa kooni, mdogo tu, kilo 4 au 5 hivi, ukoo wake ni mmoja na nyegere, kwa fisi wa porini hana undugu wa karibu. Anawinda kwa macho kwahiyo anataka maji maangavu, yakijaa tope chakula kinamshinda. Anakula furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kaa, vyura. Ukitaka kumuona kwa raha nenda kisiwa cha Rubondo, ni hifadhi ya taifa tangu 1977, wapo pale.

Wazee siwalaumu, maana Waganda nao wana Lukwata wao, mnyama wa kutisha wa ziwa hilihili. Na Japani ndo usiseme, fisi maji wa kwao anaitwa kawauso, kwenye hadithi anajigeuza mwanamke mrembo au mtoto anakutokea usiku njiani anakuchezea akili. Watu wakasimulia weee, huku wanamuwinda kwa ajili ya manyoya yake mazito na mito inachafuka, mara ya mwisho kuthibitishwa ameonekana ni 1979 kule Kochi, na 2012 serikali ikatangaza ametoweka. Hadithi zipo, mwenyewe hayupo, na hilo linaniuma kweli maana wa kwetu bado tunaye.

Kuhusu wizi, ni kweli anachomoa samaki kwenye nyavu na anazichana, najua nyavu ni hela. Lakini anavuta hewa kama sisi, akinasa chini anakufa maji, na wengi wanakufa hivyohivyo bila hata mtu kuwakusudia. Wambie wenzako wasitege karibu na mawe na matete anapolala na kuzalia. Mkimkuta kanasa bado mzima, mfunikeni na gunia kichwani kwanza ndo mkate nyuzi, anang'ata vibaya sana.