Mbwa Likizoni Diani: Maswali ya Wasomaji

Shule zikifungwa, magari mengi yanayoteremka kutoka bara kwenda Kwale huwa na mbwa kiti cha nyuma. Maswali tuliyochagua safari hii ni ya ufuo wa Diani na jirani zake, kuanzia mdomo wa mto Mwachema upande wa kaskazini hadi Galu na Kinondo upande wa kusini.

SWALI: Tunatoka Nairobi na Labrador wetu wa kilo 30, na tutakaa Diani siku kumi mwezi wa Desemba. Nyumbani hutembezwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, saa nzima kila mara. Je, tuendelee na ratiba hiyo? (Msomaji, Nairobi)

Kwa upande wa jua, saa hizo ni nzuri. Kwa upande wa bahari, siku nyingine zitakubali na siku nyingine zitakataa. Kabla ya kutazama saa, tazama mwezi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo, na nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila kukicha. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, huja bamvua, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Katika pwani hii bamvua hujaa karibu saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni, saa unayoipenda wewe, mawimbi yanagonga kuta za baadhi ya hoteli na mchanga wa kukanyaga haupo. Mtu mwenye mbwa hubanwa kati ya ukuta na maji, na milango ya kupandia juu mara nyingi imefungwa.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na maji hupwa alfajiri na tena jioni, saa zilezile mbwa wako alizozoea. Anayependa kwenda mwambani husubiri bamvua. Mwenye mbwa asubiri maji mafu. Ukiweza kuchagua tarehe za likizo, chagua hivyo. Usipoweza, siku za bamvua tembea asubuhi tu: toka saa moja maji yakiwa yanaondoka, rudi kabla ya saa mbili na nusu jua halijakaza. Jioni zake mpeleke njia za ndani zenye miti.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja pia. Saa ya kwanza baada ya kupwa huoni kitu, ndiyo maana watu hujisahau. Saa ya tatu na ya nne ndizo hubeba karibu nusu ya kimo chote. Kwenye bamvua ni kama sentimita 80 kwa saa. Ukielekea kaskazini kufika Mwachema, utaona watu wakivuka mto kwa miguu maji yakiwa yamepwa. Ukiwa na mbwa usivuke. Maji yakianza kurudi, mkondo huingia mtoni kwa nguvu, na utajikuta upande wa pili na mnyama usiyeweza kumbeba.

Sasa joto. Desemba ni kaskazi, yaani msimu wa joto pwani, na mbwa wako anatoka mji ulio juu ya mita 1,600. Mbwa hujipoza kwa kuhema, yaani kwa kukausha unyevu wa ulimi na wa njia ya hewa, na hewa ya pwani tayari imejaa unyevu, kwa hiyo kuhema kunafanya kazi nusunusu. Siku tatu za mwanzo zisizidi dakika 20 kila matembezi, kisha ongeza dakika 10 kila baada ya siku mbili. Beba lita moja na nusu ya maji baridi kiasi, na kila robo saa mpe kikombe kidogo. Mbwa wa pua fupi, kama bulldog na pug, wabaki kwenye dakika 20 likizo nzima.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Ukiona ulimi umekuwa mwekundu sana, mate mazito, miguu inayumba au anatapika, usisubiri afike nyumbani. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima hasa tumboni na mapajani, mpepee, na mtu mwingine atafute gari. Usimfunike kwa taulo lililoloa, kwa sababu taulo hushika moto na kuuzuia usitoke. Kama una kipimajoto, acha kumwagia likifika 39.5, maana joto huendelea kushuka lenyewe. Hata akiamka na kutikisa mkia, daktari amwone siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Ukunda. Wageni huachia mbwa wao ufuoni wanakuja kunusa watu wanaokwenda kuswali. Ukisema, unaambiwa "hang'ati". Tafadhali waelezeni. (Msomaji, Ukunda)

Asante kwa barua hii. Tungependa kila mwenye mbwa aisome kabla ya kufunga mizigo. Kung'ata hakuhusiki hapa. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi nzito: mate yake au unyevu wake ukigusa nguo au mwili, pahali hapo huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu aliyeshika udhu na kuvaa kanzu safi, akipakwa mate nusu saa kabla ya swala, amerudishwa nyumbani. Na ufuoni mbwa ni mbaya zaidi kuliko mjini, kwa sababu kavu kwa kavu haiambukizi najisi, ila mbwa wa ufuoni karibu wakati wote ameloa.

Kwa hiyo, mwenye mbwa, fanya haya. Penye watu tumia kamba ya mita 1.5 hadi 2, ile ya kujivuta na kujifunga iache nyumbani. Mkikutana na mtu, wewe pita upande wa bahari, mbwa awe upande wa bahari zaidi, ili mwili wako uwe kati yao. Akitoka majini usimlete mchangani juu palipo na watu. Tembea naye ukingoni mwa maji mpaka ajikung'ute mara mbili au tatu, maana matone hufika mbali. Karibu na Msikiti wa Kongo, ule wa kale ulio penye mdomo wa Mwachema, usifike naye kabisa, na Ijumaa kuanzia saa sita mchana eneo hilo liwaachie wenyewe. Ikitokea amemgusa mtu, omba radhi, toa maji safi, na usianze kueleza jinsi mbwa wako alivyo mpole.

Adabu hiyohiyo iende hadi kwenye diko la wavuvi, yaani pale wanapoegesha vyombo vyao. Nyavu zinazoanikwa si mahali pa kukojolea, na vikapu vya pweza havinuswi. Ngamia wa kupandisha watalii nao wapishe kwa hatua kama 30. Mbwa akibweka na ngamia akashtuka, anayeanguka ni mtoto wa watu.

SWALI: Daktari, mbwa wangu hula kila anachokiona. Mwaka jana pale ufuoni alitapika siku mbili. Nini hatari, nini si hatari? (Msomaji, Voi)

Hatari ya kwanza ni bunju. Ni yule samaki anayejivimbisha, na wavuvi humtupa mchangani kwa sababu hauzwi. Sumu yake iko hasa kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi, haiharibiwi na jua wala na kupikwa, na haina dawa ya kuipinga. Mbwa huanza kutoa mate na kutapika, kisha miguu hulegea, kisha misuli ya kupumua husimama. Kinachomwokoa ni daktari anayeweza kumsaidia kupumua hadi sumu iishe mwilini. Ukimwona ameokota bunju, hata kama amemeza kipande tu, ondoka saa hiyohiyo, usingoje dalili. Usimpe maziwa, wala mayai mabichi, wala maji ya chumvi ili atapike. Chumvi ni sumu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Chumvi yenyewe huenda ndiyo iliyomtapisha mbwa wako mwaka jana. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Anayechezea mpira ndani ya maji humeza funda kila anapouokota. Funda chache huleta kuhara na hupita. Nyingi huvuta maji kutoka kwenye seli za mwili, hata za ubongo, na utaona anatetemeka, anayumba, au anapata degedege. Mcheze dakika 10, mtoe, mpe maji baridi, apumzike dakika 10. Badala ya mpira tumia kitu chembamba cha kuelea anachoweza kushika bila kufungua mdomo wote. Akishaonyesha dalili za ubongo, usimjaze maji kwa pupa: chumvi ikishuka haraka mno, ubongo huvimba. Hiyo ni kazi ya daktari na dripu.

Mpira kwenye mchanga mkavu una tatizo lake. Kila akiudaka analamba mchanga, na mchanga hukusanyika utumboni kama saruji. Mbwa anayetapika, haendi haja kubwa, na tumbo linamuuma akishikwa, apigwe eksirei.

Ndoana: ukiona mshipi unaning'inia mdomoni, usiuvute. Ndoana ikiwa tumboni utaipasua njia yote. Kata mshipi ubaki sentimita 20 hivi, uufunge kwenye ukosi asiumeze, mpeleke.

Kifunga mdomo cha waya, chenye nafasi ya kuhema na kunywa, ndicho kinachomfaa mbwa mla ovyo. Mzoeshe nyumbani wiki mbili kabla, kidogokidogo na chakula ndani yake.

SWALI: Je, avae viatu? (Msomaji, Nakuru)

Mchangani, hapana. Mchanga mweupe wa Diani umetokana na matumbawe na haushiki moto sana. Lami ya barabara ya hoteli ndiyo inayounguza. Weka mgongo wa mkono wako chini kwa sekunde saba. Ukishindwa wewe, naye atashindwa. Mwambani ni hadithi nyingine: matumbawe hukata, miba mirefu myeusi ya baharini huvunjikia ndani ya nyayo, na yupo samaki wa sumu anayefanana na jiwe. Viatu havimzuii huyo. Usimpandishe mwambani. Akichomwa na samaki, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkono wako mwenyewe, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi, kwa sababu joto huidhoofisha sumu hiyo, kisha daktari.

Kila mkirudi, msuuze kwa maji baridi kati ya vidole, chini ya ukosi na tumboni, na umkaushe masikio. Chumvi iliyobaki ndiyo huleta vidonda vya kujikuna.

SWALI: Tujiandae vipi kabla ya safari, na tukirudi tuangalie nini? (Msomaji, Eldoret)

Mwezi mmoja kabla, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imekamilika. Kinga ya chanjo ya kwanza huchukua wiki tatu hadi nne kukomaa. Kadi yake safiri nayo. Wakati huohuo muulize daktari kuhusu kipimo cha minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu, na dawa ya kila mwezi. Dawa hiyo huua viluwiluwi vilivyoingia siku zilizopita, kwa hiyo mpe hata baada ya kurudi. Wengi huacha wakifika nyumbani na ndipo wanapokosea.

Wiki mbili kabla, dawa ya minyoo ya tumbo. Hii ni kwa ajili ya watoto wa wengine: mayai ya safura ya mbwa yakiangukia mchanga wenye joto na unyevu huanguliwa kwa siku chache, na viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi ya anayepita peku. Kinyesi chote okota kwa mfuko na uondoke nacho. Kukifukia mchangani ni kukitunza kivulini.

Siku mbili kabla, dawa ya kupe. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukakadiria kwa jicho. Mbwa wamekufa hivyo.

Ukirudi, kwa wiki sita angalia homa, ufizi kupauka na kukosa hamu ya kula, dalili za magonjwa ya kupe. Kama mlikaa karibu na Shimba Hills, ambako kuna mbung'o, na macho yake yakaanza kuwa na ukungu mweupe, usimpe dawa ya macho ya dukani. Mwambie daktari mahali mlipokuwa na apime damu kutafuta vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, maana kwa mbwa ugonjwa huo huua haraka.

SWALI: Mbwa wangu ni mwindaji. Nimfungulie wapi? (Msomaji, Mombasa)

Diani, hakuna pa kumfungulia. Mbega hushuka chini penye miti iliyokatika, na hapo hawezi kumshinda mbwa mbio. Nyani ni kinyume: dume lina meno ya kumpasua mbwa mkubwa. Kasa hutaga kwenye fuo hizi na mayai hukaa mchangani kama siku 60. Mbwa akianza kuchimba juu ya alama ya maji kujaa, mwondoe papo hapo. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, na mbwa haendi. Mnunulie kamba ya mita 10 yenye kishikizo cha shaba, kwa sababu cha chuma huliwa na kutu, na mkimbize Galu asubuhi ya maji mafu kabla watu hawajatoka.