Unaanza muziki wa klasiki? Fuata mto

Anayeanza muziki wa klasiki huambiwa asikilize kwa makini, lakini haambiwi asikilize nini. Ushauri wangu: chagua kazi moja iliyofungamana na mahali halisi, kisha pajue mahali hapo. Nakupendekezea Vltava ya Bedřich Smetana, Mcheki aliyeitunga mwaka 1874, wiki chache baada ya kuwa kiziwi kabisa. Ni dakika 12 hivi. Simfonia za saa nzima zitakusubiri.

Vltava ni mto wa kilomita 430. Unatokana na vijito viwili vya milima ya Šumava, kimoja cha baridi na kingine cha vuguvugu. Ndiyo maana kazi inaanza kwa filimbi, klarineti zikafuata, kabla fidla hazijaubeba wimbo wenyewe. Hayo utayasoma kwenye kijitabu chochote cha tamasha. Kisichosomeka ni mwendo. Huko juu mto unatambaa kwenye tambarare ya majimaji, unapinda, unarudi karibu na ulikotoka. Nilipoufuata kwa miguu niliacha kulalamika kwamba wimbo ule unarudiwa mno. Mto ndivyo unavyokwenda.

Kwa hiyo ukifika mtoni, vua hedifoni. Tembea, choka, muziki usikilize usiku.

Wala usitarajie kukuta kila kitu. Okestra inapolipuka, ngoma na matoazi vikivuma, hayo ni maji ya kasi ya Mtakatifu Yohana, kusini mwa Prague, yaliyowatisha wasafirisha magogo. Ukienda leo utakuta maji yametulia tuli: bwawa la Štěchovice, lililokamilika miaka ya 1940, limeyafunika. Ngurumo ile sasa imebaki kwa wapiga ala wa okestra tu. Hata asiye na nauli ya Ulaya, akitazama picha za zamani za mahali pale, ataisikia sehemu hiyo kwa sikio jingine.

Ila usiufanye mchezo huu kuwa kanuni. Fuga za Bach, kazi ambazo sauti kadhaa huingia moja baada ya nyingine zikiiga wimbo uleule, ukizitafutia mto au mlima, zitakupita.

Karibu na mwisho, mto unapita chini ya mwamba wa Vyšehrad jijini Prague, alikozikwa Smetana, na okestra inapiga kwa nguvu noti nne ambazo mgeni hajui zimetoka wapi. Vltava ni moja ya kazi sita za mfululizo mmoja wa Smetana, na noti hizo zimetoka kwenye kazi ya kwanza ya mfululizo huo, iitwayo Vyšehrad, zikianza kwa vinubi viwili. Isikilize hiyo kwanza.