Injini imefanyiwa ovaholi, mbona gari bado linakula mafuta?

Ukianza kazi gereji Mtwara au Lindi, swali hili utakutana nalo mapema. Mwenye Land Rover 109 ya petroli (ile ndefu ya zamani) amebadilisha pistoni, ringi na bearingi, silinda zimechongwa upya, na bado anasema mafuta yanakwenda kuliko zamani. Usikimbilie kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa. Ovaholi inarudisha kompresheni na kuzuia oili isipande juu, basi. Mafuta yanapotea kwa yaliyofungwa nje ya blok: taimingi (wakati cheche inapowaka), tapeti (nafasi inayoachwa kwenye valvu), thermostati (valvu inayotunza joto la maji ya injini), breki.

Anza na kipimo. Gari likisimama mahali palepale kwenye pampu ileile, jaza mpaka shingo, subiri povu lishuke, ongeza tena. Nenda angalau kilomita 100, rudi, jaza vilevile, gawanya kilomita kwa lita. Zikiingia lita 20 baada ya kilomita 120, hiyo ni kilomita 6 kwa lita, na kwa 109 yenye injini ya lita 2.25 hiyo ni afya. Mteja anayetaka 10 mweleze ukweli mapema. Ikishuka chini ya 5 kwenye lami bila mzigo, kuna kazi.

Usiiamini spidomita kabla ya kuihakiki. Nyingi zinasoma maili (maili 1 ni kilomita 1.609), na matairi yaliyo makubwa kuliko ya asili huifanya isome pungufu. Ilinganishe na nguzo za kilomita njiani kuelekea Mnazi Mmoja: ikionyesha 92 pale nguzo zinapotimiza 100, zidisha kila hesabu kwa 1.087. Na usipimie kwenye mlima wa Newala ukitokea Masasi, wala kwenye mchanga wa Msimbati. Hapo unapima barabara, hupimi injini.

Kipimo cha wiki ya kwanza nacho hakihukumu kitu. Ringi mpya zinahitaji kama kilomita 1,000 hadi 1,500 kukaa sawa na ukuta wa silinda, na mpaka hapo injini ni nzito. Kaa chini ya kilomita 70 kwa saa, badilisha mwendo mara kwa mara, kanyaga kiasi kwenye gia ya tatu kisha achia. Usiiache inaunguruma nusu saa imesimama “ili izoee”, kwa sababu bila mzigo ringi hazisukumwi vya kutosha, ukuta wa silinda unang'aa kama kioo, na injini itakula oili maisha yake yote. Wala usiipandishie tani ya korosho siku ya pili, hata kama msimu umeshafunguliwa na tajiri anapiga simu.

Kwenye kilomita 500 mwaga oili, badilisha filta, kaza tena boliti za silinda hedi injini ikiwa baridi (zile kubwa Nm 88 kwa spana ya kupimia nguvu, kutoka katikati kwenda nje), ndipo upime tapeti. Mpangilio huo usiugeuze, maana hedi ikikazwa gasketi inashuka na nafasi ya tapeti inabadilika. Nafasi ni mm 0.25 kwa valvu zote 8. Tumia hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3, jumla daima tisa. Tapeti iliyobana inaiacha valvu wazi kidogo, kompresheni inavuja, dereva anakanyaga zaidi kupata nguvu ileile.

Sasa moto. Pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme ili cheche itoke) kwanza, mm 0.35 hadi 0.40, taimingi baadaye, kwani ukigusa nafasi ya pointi umeshasogeza taimingi. Hapa ndipo wengi wanapopoteza siku nzima. Plagi mm 0.75 hadi 0.80, mfuatano 1-3-4-2. Kisha kagua kitu ambacho karibu kila mtu anakiruka: kopo la vakyumu ubavuni mwa distribyuta, linalotanguliza cheche kwa mvuto wa hewa ya injini. Chomoa bomba lake upande wa kabureta, vuta hewa kwa mdomo, ziba tundu kwa ulimi. Ulimi ukibaki umeshikwa, mpira wa ndani ni mzima. Ukiachia mara moja, mpira umetoboka, na cheche itachelewa kwenye mwendo wa kawaida, pale ambapo mafuta yangeokolewa. Fungua pia bamba la chini ya pointi uone springi za vizito vinavyotanguliza cheche mwendo ukiongezeka. Kwa chumvi ya pwani yetu huwa zimeshika kutu.

Thermostati irudishwe. Kuing'oa “kwa sababu kwetu kuna joto” ni kosa linalotugharimu mafuta mkoa mzima. Bila hiyo injini inakwenda baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, oili inabaki nzito na silinda mpya zinalika upesi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji motoni pamoja na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 (digrii za Selsiasi) inapaswa kuanza kufunguka karibu na digrii hizo. Gari likichemka thermostati ikiwa imerudishwa, tatizo liko kwenye rejeta au feni.

Kabureta ndiyo ya mwisho. Kwenye Zenith 36IV, kabureta inayokutwa kwenye magari haya, tazama kama kipepeo cha choki kinafunguka chote, kisha uso wa nusu ya juu. Ukipinda, au pete ya mpira kati yake na kizuizi cha jeti ikichoka, petroli inapita isipopaswa na moshi unakuwa mweusi. Usawazishe kwa msasa laini juu ya kioo bapa, weka pete mpya. Jeti puliza kwa hewa, usichokonoe kwa waya, kwani tundu likipanuka halirudi.

Plagi zisome baada ya mwendo mrefu. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Weusi wenye mafuta ni oili inayopanda. Weupe wa chokaa ni petroli chache au taimingi iliyotangulia mno. Kwa petroli ya sasa isiyo na risasi, rangi nzuri ni hafifu kuliko kahawia ya vitabu vya zamani, kwa hiyo usiongeze mafuta ukitafuta rangi hiyo.

Mwisho, gari lililokaa wiki kadhaa bila injini mara nyingi breki zake zimeganda. Endesha kilomita 10 bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, gusa habu zote nne. Iliyo moto kuliko wenzake huenda ina pistoni ya breki iliyoshika: inua kwa jeki, zungusha tairi kwa mkono, fungua dramu.