Stanley wa Kwenye Filamu Alifika Ujiji?

SWALI: Shikamoo, Babu. Natembeza wageni kwenye mnara wa Livingstone, Ujiji. Juzi mmoja kashikilia kuwa filamu ya 1939 ya Stanley, yule mwandishi wa habari aliyemtafuta Livingstone hadi Ujiji, ilichezewa chini ya miembe yetu. Kweli?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kakudanganya. Aliyecheza Stanley ni Spencer Tracy, mzaliwa wa Milwaukee, 1900. Wapiga picha walitumwa Afrika. Yeye akabaki Hollywood na “Livingstone” wake, Mwingereza Cedric Hardwicke. Tracy alishatwaa tuzo mbili za Oscar mfululizo, kwa filamu za 1937 na 1938.

Mimi huniliza filamu yake ya mwisho, “Guess Who's Coming to Dinner”, 1967: moyo umechoka, anafanya kazi saa chache tu kwa siku. Akamaliza, akafa siku 17 baadaye. Embe la Ujiji hakulionja, maskini.