Ziwa Lisilo na Mlango: Kwa Mlezi Mpya wa Klabu ya Amani na Mazingira

Mwalimu mwenzangu uliyeripoti Nakuru muhula huu, na wewe kijana uliyejitolea kusaidia shuleni: siku mwalimu mkuu atakapokuita ofisini akuambie kuwa wewe ndiwe mlezi mpya wa klabu ya amani na mazingira, usidhani umepewa kazi ya kupanga mashairi ya siku ya wazazi. Nimelea klabu ya aina hiyo kwa miaka kumi na miwili, kwanza pembezoni mwa mji, kisha upande wa Njoro. Mengi nimeyajua baada ya kukosea, na baadhi ya makosa hayo yaliwaumiza watoto. Ndiyo sababu ya kukuandikia.

Utakabidhiwa karatasi. Humo utasoma kwamba mwaka wa 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yafikiwe ifikapo 2030, na kwamba kifungu cha 4.7 kinataka kila mwanafunzi apate maarifa ya kuishi bila kuiharibu kesho: haki za binadamu, usawa wa jinsia, utamaduni wa amani, uraia wa dunia. Mtaala wetu wa umilisi nao umeuweka uraia miongoni mwa umilisi wa msingi, na amani miongoni mwa maadili. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeyataja maendeleo endelevu katika orodha ileile yenye umoja wa kitaifa. Yasome yote hayo, maana utayahitaji ukiandika barua za kuomba ruhusa. Darasani usiingie nayo.

Mimi niliingia nayo. Niliandika ubaoni "uraia wa dunia" kwa herufi kubwa, na msichana wa darasa la saba akanyoosha mkono: "Mwalimu, raia wa dunia anachukulia wapi kitambulisho?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Kaka yake alikuwa amehangaika miezi mingi kutafuta kitambulisho cha nchi hii tu, akitumwa ofisi hii na ile, na mtoto alitaka kujua kama hiki kingine nacho kina foleni. Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata ziwani, miezi kadhaa baadaye. Watoto wa Nakuru wamekua wakiona picha za heroe, yaani flamingo, kwenye kuta za maduka na ubavuni mwa matatu, lakini wengi hawajawahi kuingia mbugani. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hasa Ziwa Natron, Tanzania. Kutoka huko hutawanyika kwenda Bogoria, Elementaita na Nakuru wakifuata chakula chao, mwani mdogo unaostawi kwenye maji ya magadi. Tangu miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda, yakameza lango kuu la zamani la mbuga na kuzifukuza familia za Mwariki na Barut kutoka nyumbani kwao. Magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia kwingine. Mtoto akishaelewa kuwa ndege anayemwita wa kwao alizaliwa nchi nyingine, na kwamba uamuzi utakaofanywa Natron utaonekana Nakuru, haniulizi tena maana ya uraia wa dunia. Ananiuliza nani anaulinda ule upande wa Natron.

Kisha waambie habari ya mlango. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia Ziwa Nakuru. Hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa jua peke yake, na kila kilichokuja na maji hubaki: chumvi, udongo, sumu ya shambani, mifuko. Tulipowatembelea wenzetu wa Kisumu na kusimama nao ufukweni Dunga, watoto wangu walikaa kimya waliposikia kwamba Ziwa Victoria lina mlango, kwamba maji yake hutokea Jinja yakaitwa Nile, yakavuka Sudan Kusini na Sudan hadi Misri na kuingia Bahari ya Mediterania. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa lile, lakini magugumaji yakiziba Ghuba ya Winam ni mvuvi wa Kisumu anayeshindwa kuingiza mashua. Mvulana wetu mmoja aliandika daftarini: "Taka zao zinasafiri. Zetu zinatungoja." Sijawahi kutoa zoezi lililozaa sentensi kama ile.

Kwa hiyo usinakili ratiba ya klabu ya mji mwingine. Ukihamishiwa Budalangi, utafunza kwa mafuriko ya Mto Nzoia, na watoto watataka kujua nani analima Cherang'any na Mlima Elgon ambako maji yanatoka. Kakamega wana msitu. Kila mahali pana uzi wake, na kazi yako ya muhula wa kwanza ni kuutafuta kwa miguu kabla ya kuitisha mkutano wowote.

Uzi wetu ni Mto Njoro. Unaanzia msitu wa Mau Mashariki, unateremka kupitia mashamba, unapita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton na mji wa Njoro, unaingia viunga vya Nakuru na kuishia ziwani. Tunautembea kwa vipande, Jumamosi tatu au nne. Kila kituo tunajaza chupa moja ya lita, tunaiandika mahali na tarehe, tunaziacha zote dirishani usiku kucha. Asubuhi tope limetulia na kila mtoto anaweza kupima kwa rula kina chake chupa kwa chupa. Hakuna kifaa cha kununua. Rudieni mvua za Aprili zikianza, mlinganishe na chupa za Februari.

Lakini mto huo unapita pia kwenye majeraha yetu, na hapa nataka unisikilize kwa makini. Molo iliungua 1992. Njoro iliona damu Januari 1998. Mwishoni mwa Januari 2008 ilikuwa zamu ya Nakuru yenyewe, katika ghasia za baada ya uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini kote na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Wanafunzi wako hawakuwa wamezaliwa. Wamezikuta habari hizo jikoni, nusunusu, kila nyumba na upande wake. Ukitembea na watoto arobaini kutoka ziwani hadi msituni unapita katika nyumba za pande zote.

Mwaka wangu wa tatu tulifika juu, karibu na msitu. Mvulana mmoja akavitazama visiki, akasema kwa sauti: "Watu wa huku ndio wanatumalizia maji." Kulikuwa na msichana ambaye nyanya yake aliishi kijiji cha pili kutoka pale. Alisimama palepale. Nami nikafanya lile ambalo walimu wengi hulifanya: nikapiga makofi, nikasema sisi sote ni Wakenya, twendeni. Tukaenda. Kurudi, hakuna aliyeimba kwenye basi. Wiki iliyofuata msichana yule hakuja klabuni, wala iliyofuata, wala hakurudi hadi alipomaliza shule. Nilikutana naye kila siku uwanjani, akinisalimia kwa adabu zote. Adabu ile iliniuma.

Tangu siku hiyo maneno kama yale yakitoka, tunaketi chini. Hata kama jua linazama, tunaketi. Nina maswali mawili ninayowafunza kabla ya kitu kingine chochote, na ukisahau yote niliyoandika ubaki na haya. La kwanza ni "Umejuaje?" Liulizwe kwa upole, bila kumwaibisha aliyesema, maana naye amerithi maneno hayo. La pili ni "Nani hatujamuuliza?"

Miaka miwili baadaye sentensi karibu ileile ilitoka kinywani mwa mtoto mwingine. Tuliketi chini ya mti kama saa nzima. Umejuaje? Nilimsikia mjomba. Mjomba amewahi kufika huku? Hajafika. Nani hatujamuuliza? Mwenye boma lile. Tukabisha hodi. Mzee alitukaribisha, akawaketisha watoto kwenye nyasi, akawaeleza kwa subira nani hukata na nani hununua. Magogo hayabaki kijijini, alisema, na makaa hayaliwi hapa. Yote hupakiwa usiku yakateremka mjini. Msichana mmoja wa mtaa wa chini akauliza makaa ya kwao hutoka wapi. Hakuna aliyejua. Tulirudi na swali hilo hadi kwa muuza makaa wa mtaani, naye akatuambia. Ni kulekule. Na debe lililokuwa jikoni kwangu mwenyewe lilitoka kulekule.

Uwe tayari kwa hilo. Swali likifuatwa vizuri hufika nyumbani kwa aliyeuliza, na mlezi asiyekubali lifike nyumbani kwake hana ruhusa ya kulipeleka kwa wengine. Niliwaambia watoto kwamba nami nilikuwa nikinunua. Sikuongeza hotuba.

Mzee huyo huyo ndiye aliyewaeleza habari za Waogiek, majirani zake, waliofurushwa kutoka Mau, wakaenda mahakamani hadi Arusha, na mnamo Mei 26, 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kuwa Kenya ilikiuka haki zao. Watoto walishangaa kwamba majaji wa nchi nyingine waliketi Tanzania kusikiliza kesi ya watu wa mlimani kwetu. Nilimkumbuka yule msichana wa kitambulisho. Laiti angekuwapo.

Kuna mpaka usiovuka. Usimwite mzazi aliyepoteza mtu au nyumba 2008 aje kusimulia mbele ya watoto kwa sababu tu unatafuta somo la kugusa moyo. Akitaka mwenyewe, ketini kwanza wawili, mjue atasema nini na mtoto wake atakuwa wapi wakati huo. Wala usimwulize mtoto "kwenu mlipata hasara gani?" Mtoto si shahidi wako.

Wazazi wengine watakuja na hasira. Baba mmoja aliingia ofisini akisema tunawafunza watoto kuwahoji wakubwa. Mwanawe alikuwa amemwuliza "umejuaje?" mezani, chakula kikiwa bado moto. Nilimpa kiti na chai, nikamwomba msamaha kwa kutomweleza mapema, kwa sababu kosa hilo lilikuwa langu. Siku hizi nawaita wazazi mwanzoni mwa mwaka, nawaeleza njia tutakayopita na maswali tutakayouliza, nao huniambia nyumba gani tusibishe hodi. Baba yule baadaye alijitolea kutuongoza kipande kimoja cha mto, na anajua vivuko kuliko mimi.

Kuhusu miti nitasema kidogo. Serikali imeweka shabaha ya miti bilioni 15 ifikapo 2032, kwa hiyo utaletewa miche, kamera na wageni. Ipokee miche. Lakini katika daftari la klabu usiandike mliyopanda. Andika iliyo hai baada ya viangazi viwili. Usikubali mikalitusi kando ya mto, inakunywa maji mengi. Na ukimtaja Wangari Maathai, usiishie kwenye miche. Kamati ya Nobel ilimpa tuzo ya amani mwaka wa 2004 kwa mchango wake katika maendeleo endelevu, demokrasia na amani, vyote vitatu kwa pamoja, na vuguvugu lake lilitumia miti ya amani kuzipatanisha jamii zilizopigana. Mti uliopandwa na watu wawili wasiosalimiana una kazi zaidi ya kivuli.

Yaliyobaki ni ya kiutendaji. Ruhusa ya mwalimu mkuu iwe ya maandishi, na ya kila mzazi pia. Andikia mbuga mapema, wiki nyingi kabla. Maji ya kunywa, viatu vilivyofungwa vizuri, sanduku la huduma ya kwanza, mwalimu wa kike ikiwa kuna wasichana, na lazima wawepo. Chakula kiwe kimoja kwa wote. Ukiwaacha waje na vya nyumbani, ndizi na mikate itawagawa kabla hujafika mtoni. Hela zishikwe na watoto wawili wasiotoka mtaa mmoja, wewe usaini tu. Mtoto akieleza jambo kwa Sheng, mwache amalize ndipo umsaidie kuliandika kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu ukimkatiza utapata sarufi na kulikosa jambo lenyewe.

Na daftari. Tarehe, chupa, vina vya tope, majina ya waliotukaribisha, maswali ambayo hatukuyajibu. Letu lina miaka tisa sasa. Lisikae kwenye droo yako. Likae kwa katibu wa klabu, naye amkabidhi katibu wa gredi inayofuata mbele ya wenzake. Barua ya uhamisho huja bila hodi. Yangu ilikuja katikati ya muhula, nikaondoka na begi moja, na Jumamosi iliyofuata watoto walikwenda mtoni na mwalimu mwingine, chupa zikiwa tayari zimeandikwa.