Wadogo zangu, Descartes hakuishia kwenye shaka

Nimetoka kusahihisha tesiti yenu ya kwanza ya falsafa. Kwenye rundo zima Descartes haamini kwamba dunia ipo, Epicurus ni mlevi, na uhuru ni kufanya unalotaka. Desa mlilotumia nalijua. Lilikuwepo enzi zetu, hata makosa ya tahajia ni yale yale.

1. Someni Tafakuri zote sita, yaani sehemu zote za kitabu cha Descartes chenye jina hilo. Fotokopi inayozunguka hosteli ina mbili za mwanzo tu, ile ya ndoto na ile ya nta, na mimi niliishia hapo hapo. Siku ya kuwasilisha semina nikasimama mbele na shati la kuazima, nikatangaza kwamba kwa Descartes nafsi imekaa mwilini kama nahodha kwenye jahazi. Kisha nikamrukia: jahazi likitoboka, nahodha anaumia? Darasa likapiga makofi. Nikanogewa, nikala na muda wa mwenzangu. Mhadhiri wetu, mama mpole asiyepandisha sauti, akanipa nakala yake niwasomee wenzangu Tafakuri ya Sita. Nikasoma kwamba maumivu, njaa na kiu vinanifundisha kuwa simo mwilini kama baharia tu chomboni, bali nimeungana nao kana kwamba tumechanganyika; isingekuwa hivyo, mwili ukijeruhiwa nisingeumia, ningelitambua jeraha kwa akili tu, kama baharia akaguavyo chombo kilichovunjika. Yaani fimbo niliyokuwa nampigia ni yake mwenyewe, aliichapisha 1641, tena kaichonga vizuri kuliko mimi. Slaidi zilikuwa bado zimebaki, ikabidi nizipitishe kimya kimya. Niliporudi kwenye kiti changu nikakuta mtu kakaa. Nikaitwa Nahodha mpaka mahafali.

Mkitaka kumbana kweli, ulizeni alivyomuuliza binti mfalme Elisabeth wa Bohemia katika barua ya Mei 1643: nafsi isiyochukua nafasi yoyote inausukumaje mwili? Descartes alijibu zaidi ya mara moja, na yule binti hakuridhika.

2. "Nafikiri, kwa hiyo nipo" msiinukuu kutoka kwenye Tafakuri. Imo kwenye kitabu kingine cha Descartes, cha 1637.

3. Determinisimu, yaani fikra kwamba kila jambo lina visababishi vyake, si "liandikwalo ndilo liwalo". Hili mnalikosea kila mwaka, na nadhani ni kwa sababu methali imekaa mdomoni tayari. Anayeamini majaliwa anasema utafeli, usome usisome. Mdeterministi anasema kufaulu kwako kuna visababishi, na kupiga msuli ni kimojawapo. Ukikiondoa, matokeo nayo yanabadilika. Ndiyo maana mwanafalsafa Hume, mwaka 1748, aliweza kukubali kwamba matendo yetu yana visababishi na bado akasema tuna uhuru: uwezo wa kutenda au kutotenda kulingana na utashi wako, alio nao kila asiye mfungwa mwenye minyororo. Mnaweza kumkatalia. Mwanafalsafa mwenzake Kant alimkatalia. Ila msimkatalie jambo ambalo hakulisema.

4. Epicurus, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anaposema raha, anataka mwili usiume na akili isisumbuke. Kwenye barua yake kwa Menoeceus anakanusha waziwazi habari za ulevi na karamu, na anasifu mkate na maji. Bumu, ile pesa ya mkopo, likiingia, msimsingizie.

5. Hume anayesema nafsi ni fungu tu la hisia na mawazo, someni na Nyongeza aliyoiweka kwenye kitabu chake hicho mwaka 1740. Anakiri humo kwamba maelezo yake mwenyewe hayamtoshelezi. Kuna maksi hapo za bure kabisa.

6. "Kila mtu na mtazamo wake" haina maksi hata moja.

7. Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa. Katika mhadhara wake wa Paris, Oktoba 1945, anamtaja kijana aliyemjia wakati wa vita: kaka yake kauawa na Wajerumani mwaka 1940, mama hana mwingine wa kumtegemea. Aende Uingereza kujiunga na majeshi ya Ufaransa Huru, au abaki? Sartre akamwambia uko huru, chagua. Mmeandika hadi hapo, mkafunga jibu. Endeleeni. Anasema ukichagua kwa ajili yako unachagua kwa ajili ya binadamu wote, na hiyo ndiyo "fanya unalotaka" yenu inakofia. Anasema pia kwamba ukimchagua wa kukushauri, kwa kiasi fulani umeshajua atakachokuambia: anayemfuata padri, kisha akachagua padri yupi, ameshaamua nusu ya jambo. Mnaokuja ofisini kwangu kuuliza kama mhame kozi, lifikirieni hilo kabla ya kubisha hodi.